Kitabu cha picha kilichopigwa marufuku kilisaidia nini? Jibu kwa mpiga picha wa Morogoro

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Morogoro, riziki yangu ni picha za harusi na mahafali. Kwa muda sasa nimekuwa nikipiga pia picha za wasichana wa kazi za ndani, wa mtaani kwetu na wanaoletwa kutoka vijijini. Aliyenifundisha kazi aliniazima kitabu cha Ernest Cole, House of Bondage, akasema nikisome kabla sijaendelea. Nimekimaliza na nimevurugika. Kilitoka 1967, kikapigwa marufuku kwao, wengi waliomo kwenye picha hawakukiona, ubaguzi ukaendelea hadi 1994, na mwenyewe akafa maskini Marekani. Sasa kilisaidia nini? Rafiki yangu ananiambia niachane na habari za kitabu, nibandike Instagram, picha moja ikivuma inaonwa na watu laki. Na jingine: yeye alificha kamera. Mimi pia nimewahi kupiga kwa simu mwenye nyumba asijue. Nafanya vibaya? Naogopa kupoteza muda, na naogopa kuishia kama yeye."*

Marahaba, mwanangu. Kuvurugika kwako ni dalili kwamba umekisoma vizuri. Nimerudia barua yako mara kadhaa, na naona chini ya maswali yote kuna hofu moja: kwamba mtu anaweza kufanya kazi ngumu, ya uaminifu, akaimaliza, dunia ikabaki vilevile, na yeye akaumia bure. Hofu hiyo ina haki yake, na kukupa moyo peke yake hakutoshi kuijibu. Tuangalie kwanza kilichompata Cole na kitabu chake, ndipo tuje kwako.

Kwa wasomaji wengine ambao hawamjui: Ernest Cole, mpiga picha wa Afrika Kusini, alizaliwa Machi 1940 Eersterust, karibu na Pretoria, katika familia ya jina la Kole. Serikali ilipoamua Eersterust si mahali pa Waafrika, familia ikahamishiwa Mamelodi. Wewe wa Morogoro jina hilo likuguse, maana Mamelodi ndiko alikokulia Solomon Mahlangu, mpigania uhuru wa ANC, yule ambaye kampasi ya Mazimbu inaitwa kwa jina lake. Cole aliacha shule serikali ilipoleta elimu ya Kibantu, akajifunza upigaji picha kwa njia ya posta kutoka New York, na mwaka 1958 akaingia kwenye jarida la Drum kama msaidizi. Huko akakutana na kitabu cha Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa, kuhusu watu wa Moscow, akaamua kuwafanyia watu wake kitu cha namna hiyo. Alibadili jina likawa Cole, akaomba aandikishwe upya kuwa chotara, na maombi yakakubaliwa. Karatasi hiyo ilimfungulia njia: hakulazimika tena kubeba kile kitabu cha pasi, kibali cha kuwa kwenye maeneo ya wazungu, walichobebeshwa Waafrika, na aliweza kupata pasipoti. Mwaka 1966, polisi wakiwa wameanza kumsonga, aliondoka kwa kusema anakwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa. Mwaka uliofuata kitabu kikatolewa na Random House, New York. Mwaka 1968 serikali ya Afrika Kusini ikakipiga marufuku.

Sasa tuseme ukweli: kitabu hiki hakikuangusha ubaguzi wa rangi. Uliangushwa na migomo ya wafanyakazi, na wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, na ghasia za vitongojini miaka ya 1980, na vikwazo vya kiuchumi, na vita, na nchi za mstari wa mbele, yetu ikiwemo, zilizolipa gharama kubwa. Sheria za pasi zenyewe zilifutwa mwaka 1986, miaka 19 baada ya kitabu kutoka. Mtu akikuambia picha za Cole ndizo zilizofanya yote hayo, anakudanganya, na uongo huo ni hatari kwa mpiga picha kijana, kwa sababu humfanya apime kazi yake kwa kipimo ambacho hakuna kazi ya picha iliyowahi kukifikia.

Lakini rafiki yako naye anakosea, kwa sababu anahesabu macho. Kitabu cha picha hakifanyi kazi kwa wingi wa macho. Kinafanya kazi kwa njia tatu: mpangilio, maneno, na kudumu.

Nianze na mpangilio, maana ndipo penye utajiri. Fungua tena sura ya migodi, ile inayofuata maelezo ya mwanzo. Wengi wanaijua picha moja tu ya sura hiyo: wanaume walio uchi, wamepangwa mstari, wametazama ukuta, mikono juu, wakisubiri kupimwa na daktari wa mgodi. Ni picha nzito, na ukiiona peke yake unaweza kusema ni siku mbaya katika mgodi mmoja wenye daktari asiye na adabu. Ila Cole hakukupa picha hiyo peke yake. Kuna wanaume waliotoka tu vijijini, bado na mablanketi yao. Kuna wanaosubiri treni ya kuwapeleka mgodini, na kwenye kifundo cha mkono wa kila mmoja pamefungwa kibandiko, na maelezo chini ya picha yanasema kibandiko hicho kinaonyesha yumo kwenye shehena ipi ya wafanyakazi. Shehena, mwanangu, kama magunia. Kisha unaingia mabwenini. Ukifika mwisho wa sura, huwezi tena kumtafuta mtu mmoja mbaya wa kulaumiwa. Umeuona mtambo mzima, tangu unapomeza mtu hadi anapotoka. Wazee wa Tukuyu na Kyela, ambao baadhi yao au baba zao walichukuliwa na Wenela, shirika la kuajiri vibarua wa migodi, kwenda migodi hiyohiyo kabla ya Tanganyika huru kuusimamisha mkataba, wangeisoma sura ile bila maelezo yoyote.

Na sura zenyewe zimepangwa. Ziko 14 ukihesabu maelezo ya mwanzo: migodi, polisi na pasi, treni za abiria waliosongamana hadi wakaning'inia nje, mtumishi wa bei rahisi, mabango ya "Wazungu tu", njaa, shule, hospitali, watoto wa mitaani, vilabu vya pombe, dini, watu wa tabaka la kati, hadi sura ya mwisho kuhusu waliofukuzwa na kutupwa nyikani mahali panaitwa Frenchdale. Tazama anavyokuongoza. Kitabu kinaanza kwa umati, miili imebanana, hakuna nafasi ya kupumua. Kinamalizika kwa nchi tupu na wazee wachache waliokaa tu, kwa sababu serikali imewaondoa kwenye watu wao na haiwahitaji kwa lolote. Hakuna picha moja inayoweza kusema hivyo, hata ikionwa na watu milioni kumi. Kinachosema ni safari kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na safari hiyo haikuwa na mhariri wa gazeti wa kuikata katikati kuweka tangazo la sabuni. Drum lilikuwa jarida shujaa, lakini lilimpa msomaji warembo, ndondi na muziki pamoja na mateso, yote ndani ya toleo moja. Cole alitaka mahali ambapo msomaji hapati pa kukimbilia.

Njia ya pili ni maneno, na hapa nataka usome polepole, maana sura ya mtumishi wa bei rahisi ni sura yako. Kuna picha ya mwanamke mweusi amembeba mtoto wa kizungu. Ukifunika maneno, ni picha tamu. Mtu angeiweka sebuleni. Ukisoma maneno, yule mwanamke anasema anampenda mtoto huyu, ingawa akikua atamtendea kama mama yake anavyomtendea. Kwa sasa bado hana hatia. Picha haijabadilika hata chembe, ila wewe hutaitazama tena kama mwanzo. Hicho ndicho maelezo ya picha yanachoweza kufanya yakiandikwa na mtu aliyekaa akasikiliza. Sehemu nyingine Cole anafanya kinyume, anaandika kwa ukavu kabisa: watu wamefungwa pingu, na maelezo yanasema tu kwamba wamekamatwa kwa kuwa katika eneo la wazungu bila kibali. Hasira haimo kwenye sentensi, anaachiwa msomaji ailete mwenyewe.

Wazee wa Kenya nao walikuwa na pasi yao. Waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaiita kipande. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa pingu zile zinatokana na nini. Msomaji wa Marekani wa mwaka 1967 alihitaji. Ndiyo maana kila sura inatanguliwa na maelezo marefu, yenye mishahara, sheria na bei za vitu. Maandishi hayo Cole aliyaandika akisaidiwa na Mmarekani, Thomas Flaherty, na utangulizi ukaandikwa na Joseph Lelyveld, aliyekuwa mwandishi wa New York Times huko Johannesburg hadi alipofukuzwa nchini.

Hapo panafaa niseme kasoro yake, kwa sababu umepewa kitabu hiki kama mwongozo, na mwongozo usiokosolewa huwa unapotosha. Kilitengenezwa kwa msomaji wa ng'ambo. Mtu aliyemo kwenye picha hakuwa ndiye atakayekinunua. Na kuna sura nzima ambayo haikuingia mwaka 1967, picha za wanamuziki, wachoraji, watu wanaocheza na kubuni. Cole alikuwa ameipa jina la kuusifu ubunifu wa watu weusi. Toleo jipya la mwaka 2022, la wachapishaji Aperture, limeirudisha. Ukizitazama picha hizo unaelewa kilichopungua: kwa miaka zaidi ya 50 wasomaji walimwona Mwafrika wa Cole akiteseka na kuvumilia, hawakumwona akitunga. Sijui niseme nini zaidi kwako kuliko hili: hao wasichana unaowapiga picha wana utani wao, nyimbo zao, akiba ya mchezo, wachumba, mipango ya kufungua saluni. Usipoviweka, utakuwa umewafanya wafanyakazi wa ndani hata ndani ya kitabu chako.

Njia ya tatu ni kudumu, na ndiyo inayojibu swali lako la kwanza. Serikali iliweza kukizuia kitabu mpakani, haikuweza kukifuta. Nje ya Afrika Kusini picha zake zilichapwa tena na tena kwenye machapisho ya ANC na ya vyama vya kupinga ubaguzi, mara nyingi bila jina lake. Mtu aliyesimama kwenye mkutano Ulaya akisema watu wanakamatwa kwa sababu ya karatasi, alikuwa na ushahidi wa kuinua mkononi, na ushahidi huo umetoka kwa mtu wa ndani, aliyeishi kinachoonyeshwa. Ndani ya nchi, nakala chache zilizopenya zilipita mkono kwa mkono miongoni mwa wapiga picha. Kizazi kilichoanzisha Afrapix, umoja wa wapiga picha waliopinga ubaguzi, mwaka 1982, kina Omar Badsha na Paul Weinberg, kiliishi kwa wazo lilelile kwamba picha za nchi hii zinahitaji kupangwa kuwa hoja. Mpiga picha Santu Mofokeng aliingia kwenye treni za Soweto mwaka 1986, treni za aina ileile Cole alizozionyesha kama jinamizi, akapiga watu wakisali na kuimba humo humo wakienda kazini. Mimi nikiziweka kazi hizo mbili kando kwa kando, naona mdogo anamjibu kaka: ndiyo, wamebanana, lakini tazama pia wanachokifanya ndani ya kubanana huko. David Goldblatt, mpiga picha mzungu, naye alitoa kitabu chake kuhusu migodi mwaka 1973, na baadaye kingine kuhusu wafanyakazi wa KwaNdebele wanaolala kwenye mabasi usiku wa manane kuwahi kazi Pretoria. Hivyo ndivyo ushawishi unavyokwenda. Mmoja anauliza swali kwa kitabu, mwingine analijibu kwa kitabu.

Na kuna kudumu kwa maana ya kawaida kabisa. Cole alipoishiwa nguvu na makazi New York, vitu vyake vilitawanyika, na kwa miongo mingi watu waliamini negativi zake zimepotea. Mwaka 2017 zaidi ya 60,000 zilikutwa kwenye kasha la benki mjini Stockholm, zikakabidhiwa kwa familia. Katika ile miaka 50 yote, kitabu ndicho kilichotunza umbo la kazi yake. Kama angekuwa na lundo la picha zisizopangwa, leo tungekuwa na kumbukumbu za watu waliomfahamu, basi.

Sasa Instagram. Sikukatazi. Ina manufaa yake: inakukutanisha na wahariri, na wasichana wenyewe wanaweza kuona kazi yako kwa simu zao bila kununua chochote, jambo ambalo watu wa Cole hawakulipata. Lakini fikiria yule mwanamke na mtoto wa kizungu akibandikwa leo. Picha itapigwa skrinishoti, maneno yatabaki nyuma, na kabla ya jioni kuna mtu ameiandikia "upendo hauna rangi". Zaidi ya hapo, msichana wako ana mwajiri mwenye simu. Picha ikivuma, anayepoteza kazi na mahali pa kulala usiku huohuo si wewe. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mtandaoni weka picha chache, za wale walio huru kuonekana, kwa ajili ya kuwaita watu kwenye kazi. Kazi yenyewe ijengwe mahali pengine.

Kuhusu kuficha kamera, hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Ni kweli Cole alificha kamera kwenye mfuko wa karatasi, pamoja na chakula chake cha mchana. Lakini jiulize alikuwa anamficha nani. Alikuwa anawaficha polisi, wasimamizi wa migodi, serikali iliyokuwa na sheria ya magereza ya 1959 iliyozuia picha za wafungwa. Alijificha kwa wenye nguvu ili awafikie wasio na nguvu. Kwa mtumishi yule hakujificha; maneno aliyoambiwa hayawezi kuibwa kwa kamera ya mfukoni, yanatolewa na mtu aliyekuamini. Penye utata ni wale wanaume wa mgodini. Hawakuombwa ruhusa, na wamo uchi katika vitabu vya dunia nzima. Mimi naitetea picha ile kwa sababu wametazama ukuta na wengi hawatambuliki, na kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuonyesha kwamba jambo hilo linafanyika. Najua wenzangu wa kazi hii wasiokubaliana nami, nao hoja zao ni nzito. Wewe huna haja ya kufika huko. Njia nyingine unazo: unaongea nao lugha moja, mnakutana bombani, dukani, kanisani, msikitini, siku ya mapumziko. Zile ulizopiga kwa simu ndani ya nyumba ya mtu bila yeye kujua, na hasa bila msichana mwenyewe kujua, ziweke kando. Rudi kwa msichana, muonyeshe, muulize. Akikataa, futa mbele ya macho yake.

Na kuna jambo hukulitaja ila mimi nimeliona kwenye maelezo yako, hao "wanaoletwa kutoka vijijini". Je, wote wametimiza miaka 18? Kama yumo mtoto, ridhaa yake haitoshi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda. Mpige mikono, mgongo, kandambili mlangoni, godoro lililokunjwa jikoni, kitenge alichokuja nacho. Cole mwenyewe alijua nguvu ya kitu kidogo: yule mvulana wa shule aliyechutama sakafuni kwa kukosa dawati, jasho limemtiririka usoni, anakaza macho kumfuata mwalimu. Hahitaji jina ili umwelewe.

Kuhusu kuishia kama yeye. Tusidanganyane kwamba ni kitabu kilichomuua. Alifariki kwa saratani ya kongosho Februari 1990, siku chache baada ya Mandela kutoka gerezani, akiwa hajafikisha miaka 50. Kilichommaliza kabla ya hapo kilikuwa uhamisho: nchi iliyomfungia mlango, kuzunguka kati ya Marekani na Sweden, na kazi mpya ambayo haikupata pa kutokea. Alipiga maelfu ya picha za watu weusi wa Marekani, kusini na Harlem, zikaja kutoka kuwa kitabu mwaka 2024 tu. Na aliwahi kuandika barua akieleza kwamba kuanika ukweli kwa gharama yoyote ni jambo moja, lakini kulazimika kuishi maisha yote ukiwa mwandishi wa taabu na dhuluma ni jambo lingine. Kila mtu alimtaka awe macho ya mateso. Wewe una harusi na mahafali. Usizidharau, usiziite kazi ya njaa. Zinakulisha, na zinakupumzisha macho.

Kwa hiyo ufanyeje? Usianze kwa kutafuta mchapishaji. Chagua picha kama 60, zisafishwe ndogo, ile saizi ya kawaida ya studio, uzimwage kwenye mkeka. Zipange upya kila baada ya siku chache, na kila ukipanga jiulize ni swali gani msomaji anabaki nalo akitoka picha hii kwenda ile. Andika maelezo ya kila picha kwa maneno ya msichana mwenyewe, ukiwa umeyarekodi, na mshahara, saa za kazi, umbali wa kwao, yote uyahakikishe. Zikibaki 35 au 40, nenda stesheneri, print rangi au nyeusi na nyeupe, ubaindi nakala tano. Nakala ya kwanza wapelekee wao, mkae, waseme. Wataondoa picha unazozipenda na kukuambia umesahau kitu cha maana kuliko vyote. Wasikilize. Baada ya hapo ndipo nakala nyingine zinapoweza kwenda kwa mhariri, au kwenye nafasi ya maonyesho kama Nafasi Art Space pale Dar es Salaam. Kama fedha za kuchapa kitabu kamili hazipatikani, nakala 20 za kubaindi zilizowekwa maktaba na kwenye ofisi zinazohusika ni kitabu pia. Faili za picha zitunze mahali patatu, mojawapo kwa mtu unayemwamini, na uandike kwa karatasi nani ni mwenye picha hizo ukiwa haupo. Familia ya Cole ilihangaika miaka mingi kudai picha zake.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kwa barua. Ukishuhudia au kuambiwa kwamba msichana anapigwa, ananyimwa mshahara, anafungiwa au ananyanyaswa kimwili, weka kamera chini. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, siku hiyohiyo, na uende na msichana ikiwa anaridhia. Kwa habari ya mikataba na mishahara, chama cha wafanyakazi CHODAWU kinahusika na wafanyakazi wa majumbani pia, waone ana kwa ana, wanaweza hata kukukutanisha na wanawake watakaosema kwa majina yao bila hofu. Kabla ya kuchapa chochote chenye sura za watu, fomu zako za ridhaa zionwe na wakili au kituo cha msaada wa kisheria, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Hakimiliki ya kazi yako iandikishe COSOTA. Na ukiona usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, au picha zinakurudia ukiwa harusini, usinyamaze. Hospitali ya rufaa ya mkoa haiko mbali nawe, omba kuonana na mshauri nasaha.

Ukishakuwa na zile nakala tano, nitafurahi kuiona moja. Niletee ikiwa na alama za kalamu walizoweka wasichana wenyewe, nataka kuona wameondoa nini.